Programu za kuchora kazi za ufundi: ya bei kali ao ya bei ndogo?

Maneno haya yalisomwa na kamati ya ufundi mbele ya wanachama hapa Kisangani. Tunayachapisha kwa ajili ya wale waliobaki Yahuma, na kwa wafadhili wetu walio mbali.

 

Leo tuko na jambo moja tu. Mfadhili mmoja wa chama ametuambia kwamba yuko tayari kutoa dola 2,000 ili mafundi wetu wapate programu ya kuchora kwa kompyuta. Vijana waliorudi toka Kampala na Nairobi wanataka AutoCAD, kwani ndiyo waliyoizoea kule. Wazee wa atelie wanasema: kalamu ya risasi na rula vinatosha, hizo dola tununue vyuma. Mliiomba kamati ichunguze, ilete jibu. Tumechunguza. Jibu letu litawafurahisha wengine nusu, na wengine nusu, lakini tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Tuanze na presi

Wote mnakumbuka ile mashine ya kukamua mawese, presi yetu. Kijana wetu mmoja aliichora vizuri sana. Alitumia programu ya bei kali, lakini nakala yake ilikuwa ya wizi, ile inapita toka flashi mpaka flashi. Kwenye kioo cha kompyuta presi ilikuwa inazunguka kama ya kweli: skrubu kubwa, kikapu cha chuma chenye matundu, bamba la kusukuma. Sisi wa kamati tulipiga makofi.

Faili ikatumwa Yahuma. Kompyuta ya atelie kule ni ya zamani, na faili ilikuwa imehifadhiwa kwa toleo jipya. Ikakataa kufunguka. Basi tukafanya sawa watu wengi wanavyofanya: tukapiga picha ya kioo, tukaituma kwa WhatsApp. Fundi akaitoa kwenye karatasi, akaweka rula juu yake, akapima.

Ndugu, picha haina kipimo. Picha inavutika kama mpira. Bamba la kusukuma likatoka kubwa kuliko kikapu chake, halikuingia. Chuma kile kilinunuliwa hapa mjini, kikapakiwa kwa baleinieri mpaka Isangi, kikabebwa tena kwa barabara ya udongo. Kwa asubuhi moja kikageuka chuma chakavu. Na ba mama wa kikundi wakaendelea kutwanga mawese kwa kinu msimu ule wote.

Hatusemi haya ili kumwaibisha kijana wala fundi. Kosa lilikuwa la kwetu sote. Mchoro ulikuwa mzuri, programu ilikuwa ya hali ya juu, fundi alikuwa na mikono mizuri. Kilichokatika ni njia katikati yao. Kwa hiyo tulipoanza kulinganisha programu, hatukuuliza kwanza ipi iko na nguvu kuliko zote. Tuliuliza: mtu wa mwisho, yule anayeshika chuma, ataweza kufungua mchoro na kusoma kipimo cha kweli?

Ya bei kali inatoa nini?

Tuseme ukweli: programu hizi hazikupata jina bure. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, kazi ya kampuni ya Autodesk ya Marekani. Wakati ule iliuzwa kama dola 1,000, na watu wa viwanda vikubwa waliiona kitu cha rahisi, kwani mifumo yao ya kuchora iligharimu makumi ya maelfu ya dola. Yaani ile tunaita leo ya bei kali, yenyewe ilizaliwa ikiwa ya bei ndogo. Leo faili yake, DWG, ndiyo lugha ya mashanti karibu dunia nzima.

Kwa upande wa mashine kuna SolidWorks, iliyotoka mwaka 1995 na kununuliwa mwaka 1997 na kampuni ya Ufaransa, Dassault Systèmes. Kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye CATIA, ambayo Boeing walitumia kuchora ndege yao 777 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1994. Programu za namna hii hazichori mistari tu. Zinajenga umbo kamili. Ukibadilisha upana wa kikapu, bamba na fremu vinafuata vyenyewe. Zinabeba maelfu ya vipande pamoja, zinajaribu nguvu ya chuma kabla hakijakatwa, na ukikwama kuna mtu wa kampuni anayekujibu.

Bei sasa. Tangu mwaka 2016 Autodesk imeacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD. Unalipa sawa unavyolipa nyumba ya kupanga: kwa mwezi ao kwa mwaka. AutoCAD kamili inakaribia dola 2,000 kwa mwaka. Ile ndogo, AutoCAD LT, iko karibu na dola 500 kwa mwaka. Kwa SolidWorks hesabu inaingia katika maelfu ya dola, na CATIA inapita hapo.

Sasa tazameni. Dola 2,000 za mfadhili wetu ni mwaka mmoja, kwa mtu mmoja. Siku ya 366 mlango unafungwa. Tutamrudia mfadhili na kumwambia nini?

Tena, leseni ya kupanga inataka kuonana na intaneti walau mara moja kila siku 30 ili ihakikishwe. Hapa mjini, sawa. Kule Yahuma kijijini, fundi atapanda mototaksi kutafuta mtandao ili programu imruhusu kufanya kazi? Na toleo jipya linataka kompyuta mpya yenye kumbukumbu kubwa. AutoCAD ya tangu 2020 haikubali hata kidogo mashine za biti 32, na mashine za namna hiyo tuko nazo mbili.

Ya bei ndogo, na ya bure

Hapa inabidi kutenganisha vitu ambavyo watu wanavichanganya.

Kuna bure ya kampuni. Kampuni inakupa programu leo, kesho inaweza kuichukua. DraftSight ya Dassault Systèmes ilikuwa bure miaka mingi, na watu wengi waliipenda kwani ilifungua DWG. Mwisho wa mwaka 2019 nakala zile za bure zikaacha kufanya kazi. Aliyejenga kazi yake yote juu yake aliamka mwaka mpya akitafuta pesa.

Kuna bure ya programu huru. Hii hakuna anayeweza kukunyang'anya. Nakala uliyo nayo ni yako, unampa jirani bila kuiba, unaiweka kwenye kompyuta kumi. LibreCAD ni ya kundi hili. Inachora michoro bapa tu: ramani ya nyumba, sahani ya chuma, dirisha. Ni nyepesi sana, inatembea hata kwenye kompyuta ya zamani. Udhaifu wake ni DWG: inahifadhi kwa DXF, na faili za DWG mara nyingine inazisoma, mara nyingine inashindwa.

FreeCAD pia ni huru. Ilianza mwaka 2002, na toleo 1.0 likatoka mwezi wa 11 mwaka 2024, miaka 22 baadaye. Hii inajenga umbo kamili sawa SolidWorks: unabadilisha kipimo, vipande vinafuata. Iko na sehemu ya kutoa michoro ya karatasi yenye vipimo, na sehemu ya kujaribu nguvu ya chuma. Lakini tusiipambe. Ni ngumu kwa anayeanza. Zamani, ukibadilisha hatua ya mwanzo, hatua za mwisho zilivunjika, mtu akaanza upya huku analia. Toleo 1.0 limepunguza tatizo hilo, halijalimaliza. Na kwa kufungua DWG inahitaji programu nyingine ya kugeuza faili pembeni.

Kuna za bei ndogo. QCAD, ambayo LibreCAD ilizaliwa kutoka kwake, iko na toleo la kulipia linalofungua na kuhifadhi DWG. Bei yake ni makumi ya dola, si mamia, na unalipa mara moja. Juu yake kuna ZWCAD na BricsCAD. Hizo zinafanana sana na AutoCAD, amri nyingi ni zile zile, na zinauzwa pia kwa leseni ya kudumu, kwa bei iliyo chini ya AutoCAD kamili.

Nakala ya wizi je?

Kuna kijana alitunong'oneza: "Juu ya nini tunahangaika? Hapa kila mtu anatumia ya wizi." Ni kweli, wengi wanatumia. Lakini chama kinachokula pesa ya wafadhili hakiwezi kuandika kwenye ripoti yake kwamba kinafanya kazi na kitu cha kuibwa. Hilo la kwanza.

La pili ni usalama. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilieleza habari ya kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A. Kilienea hasa Peru. Kilikuwa kinaingia pamoja na faili za AutoCAD, kisha kinatuma michoro ya watu kimya kimya kwa anwani za barua pepe huko China. Makumi ya maelfu ya michoro yaliondoka hivyo. Anayevunja kufuli ya programu anakuomba uzime ulinzi wa kompyuta kwanza. Ni kama mtu anayekuambia: niachie mlango wazi, nitakuletea zawadi usiku.

Gharama ambayo haiko kwenye leseni

Mzee mmoja wa atelie alituuliza swali zuri: "Hata programu iwe ya bure, kuran itatoka wapi?" Hapa Kisangani tuko na bwawa la Tshopo, na delestaji yake tunaijua sisi wote. Kule Yahuma ni paneli ya jua ao grupu, na grupu inakula mafuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, saa tatu za kuchora zinapotea, iwe programu ya dola 2,000 ao ya bure. Betri nzuri inaokoa kazi nyingi kuliko leseni nzuri.

Kuna na masomo. Mtu anayejua LibreCAD vizuri atamshinda yule anayejua AutoCAD nusu nusu. Programu ya bure bila mwalimu inageuka ghali, kwani siku zinapotea, na siku za fundi ni pesa.

Na jambo la mwisho, ambalo mainjinia wanalijua lakini wengine wanalisahau: hakuna programu inayojua udongo wa Yahuma. Ukichora nguzo nyembamba kama fimbo, kompyuta itaichora vizuri, na rangi itaweka, bila kulalamika. Hesabu ya mzigo, mvua, paa na upepo ni ya mtu aliyesoma. Tusimwambie mfadhili kwamba tumenunua usalama. Tunanunua kalamu.

Hata wakubwa walianguka

Msidhani kosa la presi ni la maskini peke yao. Airbus walipokuwa wanatengeneza ile ndege kubwa A380, watu wa Hamburg walikuwa wanachora kwa toleo la nne la CATIA, na watu wa Toulouse kwa toleo la tano. Programu moja, kampuni moja, ya bei kali kuliko zote, lakini matoleo mawili. Nyaya za umeme zilizotengenezwa upande mmoja zilipofika kufungwa upande mwingine, zikakutwa fupi. Mwaka 2006 ikatangazwa kwamba ndege zitachelewa, na hasara ikahesabiwa kwa mabilioni.

Tulipolisoma hilo, mmoja wetu alisema: "Kumbe bamba letu na ndege yao ni ndugu." Ndivyo ilivyo. Bei haikuwaokoa. Kilichokosekana ni mapatano: tunahifadhi vipi, tunatuma vipi, nani anahakikisha.

Tulichopima sisi wenyewe

Tuliwaomba vijana watatu wachore kitu kimoja: kikapu cha presi na bamba lake. Mmoja alitumia AutoCAD kwa muda wa majaribio unaotolewa na kampuni, wa pili QCAD, wa tatu FreeCAD. Kisha faili zote zikapelekwa Yahuma kwa flashi.

Wa AutoCAD alimaliza wa kwanza, hatufichi. Wa FreeCAD alimaliza wa mwisho, alichelewa sana. Lakini tulipowaambia wote, "Ongezeni upana wa kikapu," wa FreeCAD alibadilisha namba moja na bamba likafuata. Wale wengine wawili, waliochora mistari bapa, walirudia sehemu kubwa ya kazi. Na kule Yahuma, kwenye kompyuta ya zamani, faili za DXF zote tatu zilifunguka, isipokuwa moja ilikuja ndogo mara 25 na kitu: mmoja alihifadhi kwa inchi, mwingine akasoma kwa milimita. Kama hatungekuwa tumeandika kipimo juu ya mchoro, tungeharibu chuma kingine.

Kwa hiyo tumekubaliana sheria tano, na zitabandikwa kwenye ukuta wa atelie zote mbili:

1. Kila mchoro ni kwa milimita, na neno "mm" linaandikwa juu yake.
2. Kila kazi inatumwa kwa faili mbili: DXF ya toleo la zamani, na PDF yenye vipimo vyote vimeandikwa kwa namba.
3. Kila karatasi iko na mstari mmoja wa milimita 100. Fundi anaupima kwanza kwa rula. Kama si 100, anaacha kazi na anapiga simu.
4. Hakuna kukata chuma kwa picha ya WhatsApp. Hakuna.
5. Mchoro unabeba tarehe na majina ya watu wawili: aliyechora, na aliyehakikisha.

Sheria hizi hazigharimu dola hata moja. Na tunaamini zingeokoa presi yetu, kwa programu yoyote ile.

Tunapendekeza nini

Kwa kazi ya chama chenyewe, yaani presi, mashine za kusaga muhogo, milango, ramani za nyumba ndogo: FreeCAD kwa mashine, na QCAD ya kulipia kwa michoro bapa na kwa kufungua DWG za watu wengine. Dola 2,000 tunaomba zigawanywe hivi: dola 1,000 kwa paneli, betri na invertera ya atelie ya Yahuma, 400 kwa masomo, 150 kwa leseni tatu za QCAD, 200 kwa karatasi, wino na diski ya kuhifadhi nakala. Dola 250 zinabaki zikiwa akiba, na tutaeleza ni za nini.

Vijana, tumewasikia. Mmesema: "Bila AutoCAD hakuna atakayetuchukua kazini." Si neno la bure. Programu ya serikali ya teritware 145, iliyoanza mwaka 2022 kwa kujenga mashule, vituo vya afya na majengo ya utawala, inahusu Yahuma pia, na mashanti kama hayo waajiri wanataka mtu anayejua DWG. Basi: yule aliye mwanafunzi anaweza kuomba AutoCAD ya masomo, Autodesk wanaitoa bure kwa mwaka mmoja na unairudia ukiwa bado unasoma. Ni ya kujifunza, si ya kuuzia kazi. Na siku mmoja wenu akipata kandarasi inayodai AutoCAD kamili, akiba ile ya dola 250 inakaribia bei ya kuipanga kwa mwezi mmoja. Kandarasi ikilipa, pesa inarudi kwenye sanduku, sawa zamu ya likelemba. Tunapanga mlango siku tunayouhitaji, hatuulipii mwaka mzima ukiwa umefungwa.

Wazee wa atelie, kalamu yenu ya risasi haitupwi. Ninyi ndio jina la pili kwenye karatasi, yule anayehakikisha. Kijana hataona kwamba mkono wa fundi hauwezi kupita nyuma ya boliti ile. Ninyi mtaona.

Na wewe mfadhili wetu, tunajua uliandika "programu" kwenye barua yako, na sisi tunakuomba sehemu kubwa iende kwa betri. Hatutahamisha hata franka moja kabla hujajibu. Ukisema hapana, tutaheshimu. Lakini tumeona ni heshima zaidi kukuambia mapema kuliko kununua leseni nzuri ya kupiga nayo picha, halafu mwaka ujao tukae kimya.

Presi mpya imeshachorwa. Faili ziko mbili, mstari wa milimita 100 uko, majina mawili yako. Kinachokosekana ni bamba la chuma, na tutaanza kuchangisha leo hapa mlangoni. Ba mama wa kikundi wamekuja. Wamekaa pale mbele. Wanangoja msimu.